YouTube Imegoma, Netflix Haifunguki: Usiifute Runinga Yako ya Zamani Kabla Hujajua Inaumwa Nini

Shangazi yangu anaishi Tanga. Jioni moja alinipigia simu, nikamwamkia, akaitikia marahaba harakaharaka kisha akasema, "Mwanangu, runinga imekufa. YouTube haifunguki, na zile nyingine zote hazifunguki." Nilipomuuliza kama kuna mtu ameigusa, akasema ndiyo, kijana fundi wa mtaani alikuja mchana, akaingia kwenye mipangilio na kuirudisha ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Hapo ndipo moyo wangu uliposhuka. Runinga ile ilikuwa na miaka zaidi ya kumi. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika, saa ya ndani ikarudi nyuma miaka mingi, na hilo tu ndilo lililozigomesha programu zote. Kurekebisha tarehe kungechukua dakika moja. Baada ya kufutwa, tarehe tuliirekebisha, lakini duka la programu la runinga ile lilikuwa karibu tupu. Programu mbili alizokuwa akizitumia kila siku zilikuwa zimeshaondolewa dukani kwa runinga za umri wake. Zilikuwa zikiishi mle ndani kwa sababu tu hakuna aliyezifuta.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu, na ndiyo maana jambo moja nalirudia katika kila dalili. Kwenye kifaa cha zamani, kufuta programu au kurejesha mipangilio ya kiwandani ni hatua ya mwisho kabisa. Kwenye simu mpya unaweza kufuta na kupakua tena bila kuwaza. Kwenye runinga ya 2012, kilichofutwa huenda hakipo tena popote duniani pa kukipakua.

Maswali matatu kabla ya kubonyeza chochote

La kwanza: je, zimegoma programu zote au moja tu? La pili: zilikufa ghafla, jana zinacheza leo hazichezi, au zimekuwa zikizorota kwa miezi? La tatu: simu yako, ikiwa kwenye ruta ileile na bando lilelile, inafungua YouTube?

Majibu ya maswali haya yanatenganisha karibu matatizo yote. Zikigoma zote kwa mpigo na simu inacheza vizuri, shaka ni saa ya runinga au namna inavyozungumza na ruta. Ikigoma moja na nyingine zinacheza, mtandao wako hauna kosa, basi tazama upande wa wenye huduma. Zikizorota polepole, kumbukumbu ya kifaa imezidiwa. Na simu nayo ikigoma, usiisumbue runinga, angalia bando au mtoa huduma wako kwanza.

Zote zimegoma kwa pamoja

Anza na kuizima kwelikweli. Runinga iliyozimwa kwa rimoti imelala tu, yote yaliyoganda kichwani mwake bado yamo. Chomoa waya ukutani, subiri dakika mbili au tatu, chomeka tena. Fanya vivyo hivyo kwa ruta. Hii haifuti kitu, haina hatari, na mara nyingi inatosha.

Kisha nenda kwenye tarehe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakinunua runinga mpya kwa kosa hili.

Kila programu inapoita seva yake, seva hutoa cheti cha kujitambulisha. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na runinga hukilinganisha na saa yake yenyewe. Runinga ikiamini kwamba leo ni Januari 2011, cheti kilichotolewa mwaka huu kwake ni karatasi ya wakati ambao haujafika, hivyo inakikataa. Wewe utaona maneno kama "hakuna mtandao" au "imeshindwa kuunganisha", wakati kipimo cha mtandao cha runinga hiyohiyo kinasema Wi-Fi iko sawa. Ukiona mkanganyiko huo, kimoja kinasema mtandao upo na kingine kinasema haupo, tazama tarehe kabla ya chochote.

Kwa nini saa irudi nyuma? Runinga nyingi za zamani hupoteza saa zikikosa umeme kabisa. Zikiwashwa huomba wakati kutoka kwa mawimbi ya antena au kutoka intaneti. Sasa fikiria nyumba zetu: king'amuzi kimechomekwa kwa HDMI, antena ya runinga yenyewe haina kitu. Ukiwa umechagua saa ijiweke yenyewe, runinga inasubiri wakati kutoka kwenye antena ambayo haipo. Ingia kwenye mipangilio ya saa, ondoa kujiweka kwa otomatiki, andika tarehe, mwezi na mwaka kwa mkono, kisha chagua ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, yaani UTC+3.

Watu wengi wameniuliza hili: ukiandika saa 2 ukimaanisha saa mbili usiku yetu, runinga itaelewa saa nane usiku. Tofauti hiyo ya saa 6 haitakufungia YouTube, mwaka na siku ndivyo vinavyoua. Hata hivyo ni vizuri kuandika 20:00, ili ukiweka ijizime usiku isije ikakuzimia katikati ya taarifa ya habari.

Tarehe ikiwa sawa na bado zote zimegoma, geukia ruta. Dalili ya kwanza ni kwamba umebadilisha ruta karibuni, au umefungiwa faiba au intaneti ya 5G nyumbani, na runinga hailioni jina la Wi-Fi kabisa. Vifaa vingi vya zamani husikia masafa ya GHz 2.4 tu. Ruta mpya ikiwa imewekwa itangaze GHz 5 peke yake, kwa runinga hiyo ni kama haipo. Dalili ya pili: jina inaliona, neno la siri unaliandika sawasawa, bado inakataa. Hapo ruta huenda imewekewa ulinzi wa WPA3 pekee, na runinga ya zamani haiujui, inaishia WPA2. Yote mawili yanatibika kwa kuingia kwenye ukurasa wa ruta kupitia simu. Anwani yake imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Washa GHz 2.4, ipe jina lake peke yake ili usichanganye, na uweke ulinzi wa WPA2.

Ambao hamna ruta na mnatumia hotspoti ya simu, kosa ni lilelile. Kwenye simu nyingi za Android, mipangilio ya hotspoti ina mahali pa kuchagua masafa, chagua GHz 2.4. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, kuna swichi iitwayo "Maximize Compatibility" kwenye ukurasa wa hotspoti. Iwashe, runinga itaiona.

Kebo ya mtandao, ikiwa ruta iko karibu na runinga, humaliza ubishi wote huu wa masafa na ulinzi. Chomeka ujaribu kabla ya kulaumu kitu kingine.

Bado? Badilisha DNS kwa mkono uweke 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Hiki ni kitabu cha majina cha intaneti, na kuna wakati kile anachokupa mtoa huduma wako kinasuasua.

Moja tu imegoma, nyingine zinacheza

Hapa tunaingia kwenye kiini cha jambo, nami naomba usome taratibu.

Kwanza soma alichoandika mgonjwa. Netflix ikikupa msimbo NW-2-5, inasema haijafika kwenye seva zake. Rudi juu kwenye saa na ruta. Ikikupa UI-800-3, data iliyohifadhiwa kwenye kifaa inahitaji kuburudishwa: toka kwenye akaunti na uingie tena, bila kuifuta programu. Lakini ikikuambia wazi kwamba huduma haipatikani tena kwenye kifaa hiki, ujumbe huo ni wa kweli na hakuna fundi wa kuubatilisha. Ukimlipa mtu "akurudishie", unatupa hela.

Kwa nini huduma huondoka kwenye runinga ambayo haijaharibika hata skrubu moja? Kwa sababu programu ya runinga ni nusu tu ya huduma. Nusu ya pili iko kwenye seva, na wenye seva wanaibadilisha kila mara. Runinga inapoacha kupata masasisho, siku moja nusu hizo mbili hazielewani tena.

Mfano ulio wazi ni wa Aprili 2015. Google ilizima toleo la pili la mlango ambao programu za nje zilikuwa zikiutumia kuchukua video za YouTube, ikabaki na toleo la tatu. Vifaa vilivyotengenezwa vikijua mlango wa zamani tu vilibaki nje: baadhi ya runinga na deki za Blu-ray za Sony na Panasonic za mwaka 2012 na kurudi nyuma, na kisanduku cha Apple TV cha kizazi cha kwanza na cha pili. Apple TV ya kizazi cha tatu iliendelea mpaka Machi 2021, nayo ikapoteza programu yake ya YouTube. Kioo cha runinga, spika na rimoti vilikuwa vizima siku ile kama siku iliyotangulia.

Netflix nayo. Desemba 2019 iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011 na kwenye vijisanduku vya mwanzomwanzo vya Roku vya kuchezea video za intaneti. Chanzo kilikuwa kufuli la kulinda filamu zisinakiliwe. Vifaa vile vilikuja na kufuli la Windows Media, na tangu 2010 Netflix ilikuwa ikihamia kwenye kufuli jingine la Microsoft, PlayReady. Kifaa kisichojua PlayReady hakingeweza kufundishwa kwa sasisho. Wii ya Nintendo ilipoteza Netflix mwishoni mwa Januari 2019, Wii U ikafuata Juni 2021.

Ili ujue kama runinga yako iko kwenye mkumbo kama huo, lazima ujue umri wake, na tarehe uliyoinunua dukani si umri wake. Geuza nyuma usome namba ya modeli. Kwa Samsung za wakati ule, tazama herufi inayofuata ukubwa wa kioo. Modeli kama UA40D5500 ina inchi 40, na ile D ni ya 2011. C ni 2010, E ni 2012, F ni 2013, H ni 2014, J ni 2015, K ni 2016. Kuanzia J ya 2015 runinga zao janja zilianza kutumia mfumo wa Tizen, na zile za kabla yake zina mfumo mwingine kabisa ulioachwa. Kwa LG, mwaka wa kutenganisha ni 2014, modeli zenye LB, ndipo webOS ilipoanza. Kabla ya hapo ni NetCast. Uwe mwangalifu na LM: ilitumika 2012 na ikarudi tena 2019, kwa hiyo tazama pia umbo la menyu, usitegemee herufi peke yake. Sony walihamia Android TV mwaka 2015. Mstari huo wa 2014 na 2015 ni wa kuukumbuka. Runinga iliyo chini yake, programu ikitoweka, uwezekano mkubwa haitarudi. Iliyo juu yake, jaribu kwanza kusasisha mfumo wa runinga wenyewe, kwa Wi-Fi au kwa flashi yenye faili uliyoichukua kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Cheti kilichokwisha muda

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana sana na kifo cha huduma, na tofauti yake ni kwamba huu hupona. Ndio unaonifanya niwaombe watu wasikimbilie kufuta.

Pale juu nilieleza cheti cha seva. Kifaa nacho kina orodha yake ya mamlaka kinazoziamini, iliyowekwa kiwandani, na baadhi ya vifaa vina cheti chao wenyewe cha kuthibitisha kwamba ni halisi. Vyote hivyo vina tarehe ya kuisha. Tarehe 30 Mei 2020 cheti mzizi cha AddTrust, yaani cheti cha mamlaka kinachoidhinisha vyeti vingine, kiliisha muda na baadhi ya chaneli kwenye vifaa vya Roku zikakatika bila mtu kugusa kitu. Tarehe 30 Septemba 2021 ikawa zamu ya cheti mzizi ambacho tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya mamlaka ya Let's Encrypt zilikuwa zimekiegemea, na vifaa vya zamani visivyomjua mrithi wake vikaanza kukataa tovuti zilizo salama kabisa.

Lililotokea Machi 2025 linafundisha zaidi. Tarehe 9, Chromecast za kizazi cha pili, vile vifaa vidogo vya Google vya kurushia video kutoka simu hadi runinga, zilizoanza kuuzwa 2015, pamoja na Chromecast Audio, ziligoma dunia nzima. Simu zilionyesha kwamba kifaa hakiaminiki. Cheti cha ndani kilichopewa miaka 10 kilikuwa kimefika mwisho. Wengi walifanya kile wanachofanya wengi: wakakifuta kifaa ili kuanza upya. Google ikatoa tangazo kuomba watu wasifanye hivyo. Siku chache baadaye sasisho lilipotumwa, kwa waliokuwa wamekiacha kifaa kilivyo, kikiwa kimechomekwa umeme na Wi-Fi, kilipona chenyewe. Waliokifuta walilazimika kusubiri tiba nyingine, kwa sababu kifaa kilichofutwa hakikuweza hata kujiunga upya na simu ili kipokee sasisho.

Kwa hiyo, kifaa kikigoma ghafla, tarehe yake iko sawa, mtandao uko sawa, na ukitafuta kwa simu unakuta watu wa nchi nyingine wanalalamika modeli hiyohiyo siku hiyohiyo, kiache. Kiache kimewashwa. Subiri wiki nzima ikibidi.

Inafunguka, kisha inaganda au inajifunga

Programu ya YouTube ya leo ni nzito kuliko ile iliyokuja na runinga yako. Kumbukumbu ya runinga haikui, programu inakua. Dalili zake: inafunguka kwa dakika nzima, unabonyeza rimoti na kishale kinasogea baadaye, video inaanza kisha unarudishwa kwenye menyu kuu.

Chomoa ukutani kama nilivyosema, kisha uingie kwenye orodha ya programu ufute zile usizowahi kuzigusa: michezo, hali ya hewa, programu za vituo vya nchi ambazo hujawahi kufika. Kwa zile unazozitumia, tafuta kitufe cha kusafisha akiba ya muda, ambacho kwenye Android TV kimeandikwa "Clear cache". Hicho hakina madhara. Kilicho jirani yake, "Clear data", kitakutoa kwenye akaunti, kwa hiyo hakikisha unalikumbuka neno la siri. "Uninstall" usiiguse mpaka uwe umeingia kwenye duka la programu la runinga hiyo, ukaitafuta programu hiyo kwa jina, na ukaiona kwa macho yako kwamba bado ipo.

Kuganda kunaweza pia kutokana na kasi. Netflix wenyewe hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Pima kwa simu ukiwa umesimama pale runinga ilipo, si pale ruta ilipo. Ukuta wa tofali na friji katikati hupunguza kasi kuliko watu wanavyodhani.

Picha ipo, lakini haina ubora

Hili nalipita haraka. YouTube hutoa 4K kwa kodeki, yaani njia za kubana video, za VP9 na AV1. Kifaa kinachojua kodeki ya zamani ya H.264 pekee kitaishia 1080p hata kioo kikiwa kizuri namna gani. Kwa Netflix, boksi lisilo na kibali kamili cha Widevine, kufuli la Google la kulinda filamu, kile kiitwacho L1, hupewa picha isiyofika HD. Na ukichomeka kifaa cha 4K kwenye tundu la HDMI lisilojua HDCP 2.2, ulinzi wa picha dhidi ya kunakiliwa, unaweza kupata kioo cheusi au picha iliyoshushwa. Jaribu tundu jingine la runinga hiyohiyo kabla ya kulaumu kifaa, kwa sababu runinga nyingi za 4K za mwanzo zilikuwa na tundu moja au mawili tu yenye uwezo huo.

Simu haioni runinga tena

Simu na runinga lazima ziwe kwenye mtandao mmoja. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, ruta huzitenganisha makusudi. Ukiwa umezipa GHz 2.4 na GHz 5 majina tofauti, kwa kawaida bado zinaonana, lakini ruta ikiwa imewashiwa utengano wa vifaa, uzime. Ikiwa ulikuwa ukirusha Netflix kutoka iPhone kwa AirPlay, usitafute kosa nyumbani kwako: Netflix waliiondoa njia hiyo Aprili 2019.

Runinga ya mtumba kutoka Ulaya au Ghuba

Kioo kizuri, bei nafuu, imefika bandarini Dar es Salaam au Mombasa ikiwa na kibandiko cha Uingereza. Ukiiwasha, duka la programu limejaa vituo vya Waingereza na ulichokitaka hakipo. Runinga huchagua programu kwa nchi iliyowekwa siku ya kwanza. Kwenye nyingi unaweza kubadilisha nchi wakati wa kuiandaa upya, lakini kuiandaa upya mara nyingi huondoa programu zilizomo. Kama muuzaji anakuonyesha YouTube ikicheza pale dukani, mwombe afungue pia duka la programu na akuonyeshe kama YouTube imo dukani. Ikiwa ndani ya runinga tu, uko kwenye hali ileile ya shangazi yangu.

Huduma ikiwa imeondoka kweli

Basi runinga irudi kuwa kioo, na kioo chake bado kizima. Iunganishie akili mpya kwa tundu la HDMI: kijiti au boksi dogo la kustrimu. Hata runinga bapa isiyo janja kabisa itafanya kazi. Kwa runinga ya kichogo isiyo na HDMI, kuna kigeuzi cha HDMI kwenda AV, waya nyekundu, nyeupe na njano. Maandishi yataonekana kwa shida, lakini mawaidha na mpira vitaonekana.

Unaponunua, tafuta kifaa chenye kibali cha Android TV au Google TV, au cha kampuni inayojulikana kwa mfumo wake. Maboksi ya bei ya chini sana yasiyo na kibali, yanayouzwa kwa ahadi ya "kila kitu bure", yananitia hofu. Mwaka 2023 watafiti walikuta boksi la T95 likitoka kiwandani na programu hasidi ndani yake, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa BADBOX 2.0, uliojaa vifaa vya aina hii vinavyotumia intaneti ya mwenye nyumba kwa uhalifu bila yeye kujua. Boksi kama hilo liko kwenye Wi-Fi moja na simu yenye pesa zako.

Kijiti kikizimika na kuwaka chenyewe kila baada ya dakika kadhaa, usikirudishe dukani bado. Huenda umekichomeka kwenye tundu la USB la runinga, ambalo kwenye runinga za zamani kwa kawaida hutoa nusu ampea, wakati kijiti kinahitaji kama ampea 1. Tumia chaja yake ya ukutani.

Wasiotaka kununua chochote bado wana flashi. Iandae (format) kwa mfumo wa faili wa FAT32, kwa sababu runinga nyingi za zamani hazisomi exFAT, na kumbuka FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi. Video iwe MP4 yenye H.264. Faili la H.265 litatoa sauti bila picha, au halitafunguka kabisa.

Kwa shangazi tulichomeka kijiti, tukakipa chaja yake, tukazifunga nyaya nyuma ya meza. Alichokiogopa ni rimoti ya pili, kwa sababu ya kwanza anaijua kwa vidole hata taa zikiwa zimezimwa. Nikaingia kwenye mipangilio ya runinga nikawasha HDMI-CEC, inayoiwezesha rimoti ya runinga kuendesha kifaa kilichochomekwa, ambayo Samsung huiita Anynet+, LG Simplink, na Sony Bravia Sync. Akachukua rimoti yake ya zamani, ile yenye mpira uliofutika namba, akabonyeza kishale cha kulia, na menyu ya kijiti ikasogea. "Kumbe inanisikia," akasema, akaitafuta qasida aliyokuwa ameikosa wiki nzima.